Kopo Lililorudi Tupu

Asubuhi kaunti yetu ilipofunguliwa, nililowesha gunia mlangoni mwa duka kama nilivyofanya kila siku tangu tufungiwe. Nauza dawa za mifugo na mbegu mjini Nakuru. Serikali ilitaka maji, sabuni na barakoa, na vyote nilikuwa navyo. Gunia hakuna aliyelitaka. Nilikuwa nimelitandika siku ya kwanza ya marufuku bila kufikiri, nikalimwagia ile dawa nyeusi ambayo ukiitia majini hugeuka nyeupe kama maziwa, na wateja wakazoea kulikanyaga wakiingia.

Nilidhani siku hiyo watu wangefurahi. Aliyetangulia kuingia alikuwa mzee wa upande wa Molo, mkulima wa viazi.

"Mzee, habari njema leo," nikamwambia. "Wamefungua."

"Wamefungua nini, mama? Wamefungua barabara. Viazi vyangu vilivyoozea shambani watavifufua?"

Kijana wa bodaboda aliyeingia nyuma yake akaegemea kaunta, akacheka. "Na kafyu iko palepale, mathe. Unaruhusiwa kutoka kaunti, lakini jua likizama uwe umeshalala. Hii si kufungua. Hii ni kulegeza kamba ndio ng'ombe afikie nyasi kidogo."

"Wewe unacheka," akasema mama mmoja aliyekuja kununua dawa ya kuku. "Mimi naona wamefungua mapema. Jirani yangu tumemzika juzi, na hao waliofungua hawajui hata jina lake."

Wakaanza kubishana. Mmoja alisema serikali imechelewa, mwingine alisema imeharakisha, na kila mmoja alinitazama mimi kana kwamba funguo zilikuwa kwenye droo yangu. Nikatoka nje kidogo nipate hewa. Nilipokanyaga gunia langu, harufu ya dawa ikapanda, nzito, kama lami iliyochanganyika na moshi. Hapo nikajua kwa nini nilikuwa nimelitandika. Harufu ile ilikuwa ya baba yangu.

Tuliishi juu ya Rongai, kwenye shamba lililokuwa la mzungu kabla ya kugawiwa watu vipande vipande. Nyumba yake ya mawe ilikuwa imebaki bila paa, na miti ya misonobari aliyoipanda kuzuia upepo ilisimama katikati ya mashamba yetu ikiwa haimkingi mtu yeyote. Baba alikuwa mhudumu wa josho. Kila wiki watu walileta ng'ombe wao, naye aliwasukuma mmoja mmoja ndani ya maji ya dawa. Mikono yake ilinuka josho hata siku ya Jumapili. Mimi nilikuwa wa umri wa kutumwa: mkubwa wa kutosha kubeba kitu bila kukimwaga, mdogo wa kutosha kutoulizwa maoni.

Kila jioni nilitumwa na kopo. Lilikuwa kopo la mafuta ya kupikia ambalo mama alikuwa amelitoboa kando mbili na kulitia mpini wa waya. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, na wakati mwingi alikuwa hakamwi. Jirani yetu, Mama Tabitha, alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa. Nilikwenda kwake na kopo, nikarudi na maziwa. Lakini sikuwahi kwenda nalo tupu. Mama alilitia maharagwe, au viazi, au unga uliotoka kusagwa, au sukumawiki zilizokunjwa vizuri. Hivyo ndivyo watu wa kule walivyofanya. Chombo cha mwenzako hakikurudi kwake kitupu, na chako hakikuja kwako hivyo. Hakuna aliyepima wala kukumbuka nani alitia nini. Mama Tabitha alimimina maharagwe kwenye ungo, akalisuuza kopo, akalijaza maziwa ya moto kutoka kwa ng'ombe, na aliponipa alisema neno lilelile: "Mwambie mama yako asante."

Tabitha mwenyewe alikuwa rika langu. Alinisindikiza hadi kwenye misonobari, tukilishika kopo pamoja, yeye upande wake na mimi wangu.

Kisha ugonjwa wa miguu na midomo ukaingia. Ulianzia kwa ng'ombe mmoja aliyesimama malishoni akidondosha mate mengi kama povu la sabuni, akinyanyua mguu huu, akishusha ule. Baada ya muda mfupi kulikuwa na ng'ombe wa namna hiyo katika maboma mengi. Afisa wa mifugo alikuja na gari la kijani, akasimama juu ya jiwe mbele ya josho akatangaza karantini. Ng'ombe, mbuzi, maziwa, ngozi na majani ya mifugo visitoke wala visiingie. Soko likafungwa. Barabara ya kushuka Rongai ikawekewa mti wa kuzuia, gunia na ndoo ya dawa. Na kwa kuwa josho pia lilifungwa, aliyepewa kazi ya kusimama pale alikuwa baba.

Mimi nilifurahi. Sikuona ugonjwa, niliona baba akiwa na barabara yake mwenyewe. Mti ule ulikuwa umefungiwa jiwe upande mmoja, hivyo aliuinua kwa mkono mmoja tu, na watu wazima, hata mwalimu, walisubiri mpaka auinue. Kila aliyepita alikanyaga gunia. Magurudumu ya baiskeli yalipitishwa juu yake. Nilimpelekea baba chai mchana, nikakaa kando ya ndoo nikitazama akipima dawa kwa kifuniko na kuikoroga kwa kijiti mpaka maji yawe meupe. Niliamini kwamba yeye ndiye aliyefunga. Niliamini pia kwamba siku atakayotaka, angefungua.

Kopo letu liliacha kutembea. Baba alisema maziwa yasivuke boma hata la jirani, na mama hakubishana. Chai tuliinywa ya rangi, bila maziwa. Mama aliliosha kopo, akalitundika kwenye msumari jikoni, mdomo chini.

Kwa Mama Tabitha ng'ombe wote watatu waliugua. Wakubwa walipona polepole, lakini ndama wao, jike ambaye Tabitha alimlisha kwa vidole vyake, alianguka asubuhi moja akinyonya na hakuinuka. Mama yangu alitaka kwenda kuwapa pole, akafika mpaka kwenye misonobari, akarudi. Mke wa mwenye kushika mti asingeweza kuonekana akitoka kwenye boma lenye ugonjwa. Nilimsikia akimwambia baba, "Nimewapa pole kwa mbali." Baba akauliza, "Walisikia?"

Maziwa yaliendelea kutoka, kwa sababu ng'ombe aliyepona hukamwa, karantini au si karantini. Watu walikunywa, wakagandisha, wakawapa mbwa. Yaliyobaki yalimwagwa. Kulikuwa na mtaro mweupe nyuma ya kila boma, na inzi, na harufu chachu iliyokaa kwenye nguo.

Ndipo afisa akarudi kulegeza. Alisimama juu ya jiwe lilelile, akasema tutafunguliwa hatua kwa hatua. Kwanza, shamba kubwa la juu, ambalo halikugawiwa na lilikuwa na mashine ya kupoza maziwa na lori lake la tangi, lingeruhusiwa kupeleka maziwa kiwandani, kwa sababu huko yangechemshwa. Sisi wenye madebe tungesubiri mpaka daktari wa mifugo apite kila boma. Soko lingefuata baadaye. Alisema haya kwa sauti ya mtu anayeleta zawadi, akapanda gari lake, akaenda.

Katika muda wote wa kufungwa sikuwa nimesikia mtu akipaza sauti. Watu walikuwa wamenyamaza kama walivyonyamaza wakati wa ukame. Siku ya kulegezwa ndiyo waliyokasirika.

Nilikuwa pale, kando ya ndoo, siku lori la tangi liliposhuka mara ya kwanza. Baba aliinua mti. Lori likapita juu ya gunia, likaenda na vumbi lake. Kabla hajaushusha, watu walikuwa wamejaa barabarani na madebe yao, wake kwa waume. Walikuja pamoja, kumbe walikuwa wamekubaliana. Baba Tabitha alikuwa mbele, mtu mfupi, mpole, fundi wa kuchonga mipini ya majembe.

"Usishushe," akasema. "Acha hivyo hivyo, na sisi tupite."

"Baba Tabitha, umesikia vile afisa alisema."

"Nimesikia. Sasa niambie wewe mtu wa dawa. Ng'ombe za kule juu zinaugua ugonjwa wa kizungu? Midomo yao ni ya dhahabu?"

Watu wakacheka, kicheko kibaya. Baba akasema, "Hiyo sheria sikuandika mimi."

"Hukuandika. Lakini ukiambiwa shika, unashika. Na ndama yangu amekufa tukiwa tumefungwa, sisi tukitii, hatuvuki hata kwa jirani. Wewe umelala njaa siku gani?"

"Mwacheni," akasema mzee mmoja nyuma. "Huyu ni mtu wa kutumwa."

"Basi atumwe na sisi pia!" akajibu mwanamke mmoja. "Si sisi pia ni watu?"

Baba alishusha mti. Aliushusha taratibu, akiushika kwa mikono yote miwili, kama mtu anayemlaza mtoto. Nadhani hakutaka utoe sauti. Nilimvuta koti. "Baba, fungua tu," nikamwambia. Nilidhani amesahau kwamba anaweza.

Hapo Mama Tabitha akatoka katikati ya watu. Alisimama mbele ya gunia, akainamisha debe lake, na maziwa yakamwagika juu ya gunia, juu ya viatu vya baba, yakaingia kwenye shimo dogo lililokusanya dawa. Mwingine akamwaga, kisha mwingine. Maziwa na dawa vilikuwa na weupe uleule. Sikuweza kuona kimoja kinaishia wapi na kingine kinaanzia wapi. Baba hakurudi nyuma. Walipoondoka, alichukua jembe, akafukia, akafua gunia mtoni, akalirudisha mahali pake na kulimwagia dawa mpya. Jioni alivua viatu nje ya nyumba.

Wiki zilizofuata daktari alipita boma baada ya boma. Aliyepata ruhusa alilaumiwa na aliyekosa. Mwisho kabisa afisa alikuja na karatasi, akasema karantini imekwisha. Mti uliondolewa, soko likafunguliwa, baba akarudi kwenye josho. Nilingoja nderemo. Watu walishuka Rongai na ng'ombe wao bila kusema kitu, na waliopita karibu na josho walitazama upande wa pili. Siku za kuogesha mifugo walikuja, kwa kuwa ilikuwa lazima, wakamwambia baba "Ingiza huyu" na "Toa yule," na hakuna aliyemuuliza nyumbani hawajambo.

Siku ile ile mti ulipoondolewa, mama aliteremsha kopo kutoka kwenye msumari. Aliliosha tena ingawa lilikuwa safi. Akalitia maharagwe mapya, mekundu yenye madoa, yaliyochaguliwa moja moja, akalijaza hadi yakapita ukingo. "Nenda kwa Mama Tabitha," akasema. "Msalimie sana." Nilikwenda mbio, kisha nikatembea, kwa kuhofia kumwaga.

Mama Tabitha aliyamimina maharagwe kwenye ungo. Akalisuuza kopo. Nilisimama nikingoja aende kwenye mtungi wa maziwa, ambao niliuona nyuma yake, umefunikwa kwa kitambaa. Akanipa kopo. Lilikuwa jepesi kiasi kwamba mkono wangu ulipanda wenyewe.

"Mwambie mama yako asante," akasema.

Tabitha alikuwa mlangoni. Hakunisindikiza.

Nilimpa mama kopo na maelezo niliyokuwa nimeyafikiria njiani. Nilimwambia kwamba maziwa bado hayajafunguliwa. Tulikuwa tumeambiwa kufungua ni kwa hatua: lori la tangi kwanza, kisha madebe, kisha soko. Makopo, bila shaka, yalikuwa ya mwisho kwa kuwa ndiyo madogo kuliko vyote. Mama akachungulia ndani ya kopo. "Labda," akasema.

Juma lililofuata alinituma na kabichi. Kopo likarudi tupu. Alinituma na mahindi mabichi, wakati ambapo hayakuwa mengi hata kwetu. Likarudi tupu, limesuuzwa vizuri, na asante yake. Baada ya hapo mama alilitundika, na hakunituma tena.

Niliendelea kungoja. Kila nilipoona gari la kijani likipanda mlima niliamini limeleta ruhusa ya makopo. Mwishowe nilimuuliza baba. Alikuwa amekaa kizingitini akikwangua matope kwenye kiatu.

"Baba, makopo watafungua lini?"

Hakucheka. Alikwangua mpaka kiatu kikawa safi, akachukua cha pili.

"Hiyo," akasema, "si yangu kufungua."

Ilinichukua miaka mingi kuelewa alichosema. Nilifika darasa la nane tu, na mengine nimejifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya kununua mitaani na vile vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi ya dawa. Humo ndimo nilimosoma kwamba ile dawa nyeusi huua viini vingi, lakini kwa kirusi cha ugonjwa wa miguu na midomo haina nguvu ya kutegemewa. Kitu rahisi kama magadi ya kufulia, yakikorogwa sawasawa, kingefanya kazi zaidi. Magadi yamejaa kwenye bonde hili letu. Baba alifanya kama alivyopewa. Nilipoyasoma hayo alikuwa ameshakufa, na nilishukuru kwamba sikulazimika kuamua kama nimwambie.

Mama alikufa mwaka huu tulipokuwa tumefungiwa. Haukuwa ugonjwa huu wa barakoa. Alikuwa mzee, na moyo ulichoka. Lakini alizikwa kwa masharti ya ugonjwa ule. Chifu aliruhusu watu wa nyumba tu, tukasimama tumeachiana nafasi, na wimbo uliimbiwa ndani ya barakoa. Nje ya ua, karibu na misonobari michache iliyobaki, alisimama bibi kizee ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa Mama Tabitha. Sikujua kama angeingia kama asingekatazwa. Masharti yalikuwa yamempa sababu ya kusimama pale, na yalikuwa yamenipa mimi sababu ya kutomwendea.

Jumapili ya kwanza baada ya kaunti kufunguliwa nilipanda juu ya Rongai kusafisha nyumba ya mama. Kopo lilikuwa jikoni, kwenye msumari wake, mdomo chini. Nilidhani ningekuta buibui. Mpini wa waya ulikuwa na kutu na chini palikuwa pamechakaa, lakini ndani lilikuwa linang'aa, limesuguliwa kwa majivu, na halikuwa na vumbi hata kidogo. Mtu alikuwa ameliosha si muda mrefu uliopita, na katika nyumba ile mama aliishi peke yake.

Nilikaa nalo magotini. Kisha nikafungua gunia la maharagwe ya mama, nikalijaza, nikaenda.

Tabitha alinipokea uani. Sote wawili tuna mvi sasa. Alitazama kopo, akanitazama mimi, akavuta stuli. "Mama, una mgeni," akaita ndani. Kwangu akasema kwa sauti ya chini, "Akili yake siku hizi inaenda na kurudi. Usishangae."

Mama Tabitha alitoka akijishikilia ukutani. Sikujieleza. Nilimkabidhi kopo, naye akalipokea kwa mikono miwili, akapapasa mpini, akapapasa mahali lilipotobolewa. Akakaa. Aliyamimina maharagwe kwenye ungo bila kudondosha hata moja, akamwambia bintiye alete maji, akasuuza. Akainuka na kopo, akaelekea mahali palipokuwa na mtungi zamani.

"Tabitha, maziwa yako wapi?"

"Hakuna, mama."

"Ya jioni?"

"Ng'ombe tuliuza, mama. Umesahau? Hoteli zilifungwa, hakuna aliyekuwa ananunua maziwa. Tuliuza wote." Akanigeukia, na hasira ikapanda usoni mwake kama ya baba yake siku ile. "Sasa wanasema wamefungua. Wamemfungulia nani?"

Mama Tabitha alisimama katikati ya uwanja, kopo mkononi, akitazama upande wa zizi lililokuwa limeota majani. Nilitaka kumwambia kwamba haidhuru. Alinirudia taratibu na kunipa kopo. Lilikuwa jepesi, kama nilivyolikumbuka.

"Mwambie mama yako asante," akasema. "Mwambie asikasirike. Kesho nitamletea."

"Nitamwambia," nikasema.